Robo Yetu

Usiku mmoja wa Julai Kijito cha Stagg
kilitoka kitandani bila viatu.
Kilipita ghalani kwa Odile Thibault,
kikabeba marobota ya majani, trela, kidaraja cha mbao
na ekari nne za mahindi yaliyofika magotini.
Asubuhi tulikikuta kimelala mahali pengine,
rangi ya chai ya maziwa, kimya,
kama mtu asiyekumbuka aliyoyasema akiwa amelewa.

Mimi ni karani msaidizi wa Hollins Mill,
kaskazini mwa Vermont: watu mia sita na tisa,
posta moja, makanisa mawili yasiyosemeshana.
Wananiita Nabintu, wakijikwaa katikati.
Serikali kuu imeleta fomu.
Fomu imepita kwa wakubwa wote ikanifikia mimi.

Serikali itatoa robo tatu.
Robo iliyobaki ni yetu, fedha taslimu
au jasho,
mradi jasho liandikwe.

Mhandisi Kessler alikuja Jumanne, buti za mpira hadi mapajani.
Alipima ukingo uliomegeka, akapiga picha, akaandika:
hatari kwa barabara, kwa kalvati, kwa nyumba saba za chini.
Odile alimngoja amalize.
Miaka themanini na mmoja, kofia ya marehemu mumewe.
"Na shamba langu?"

Kessler alikunja utepe wake polepole
kuliko utepe ulivyohitaji.
Msaada huu, alisema, haurudishi kilichokwenda.
Unazuia kinachokuja.
"Shamba lako, bibi, kwa sasa ni mto."

Karatasi ya ruhusa ilikuwa mkononi mwangu,
ya matingatinga kupita katika kilichomsalia
ili maji yasiwafikie wale saba.
Mkono haukunyooka.
Kwetu Uvira husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sijui methali ya mtu anayeombwa kutoa ua wake
ili ufa wa jirani uzibwe.

Aliichukua mwenyewe.
Alitia sahihi juu ya boneti ya gari,
kalamu ikatoboa karatasi pale kwenye T.

Tangu hapo naandika saa.
Merrill, koleo, saa sita.
Wanafunzi, magogo chini ya daraja, kumi na nane kwa jumla.
Daktari wa mifugo na trekta lake, saa nne:
kwenye jedwali trekta lina thamani kuliko daktari.
Mimi, tope, saa tatu na nusu.
Nilijiandika kwa haya,
kama anayejikopesha kutoka mfuko wa umma.

Odile hawezi kuinua koleo.
Huleta mkate, mayai ya kuchemsha,
kahawa ndani ya debe lililokuwa la maziwa.
Jedwali halina mstari wa mayai.
Nikaandika: *kazi nyinginezo, saa mbili kwa siku,
siku kumi na moja.*

Kessler alisoma. Kidole chake kikasimama hapo.
Nilisikia friji ya ofisi ikinguruma.
"Na chumvi?" aliuliza. "Aliyeleta chumvi umemwandika?"
Akafungua ukurasa wa pili.

Oktoba. Hundi bado iko njiani, lakini mawe yamefika,
makubwa kama ndama waliolala, yamepangwa mguuni mwa ukingo.
Kati yake tumechomeka vijiti vya mierebi, mia nne,
vikavu kama penseli.
Vitashika, anasema Kessler, mizizi haisomi bajeti.

Odile aliomba kimoja.
Hakukipeleka kwenye mstari. Alivuka kokoto, fimbo mkono wa kushoto,
hadi lilipokuwa lango la shamba,
akakisukuma ardhini kwa kisigino.
Hapo hapamo kwenye mchoro.
Mafuriko yajayo yatakila kabla ya kifungua kinywa,
naye anajua, ameishi na kijito hicho kuliko alivyoishi na mume.

Ilimchukua dakika tano, labda sita.
Hizo sikuziandika popote.